Kuku wa Kujazwa wa Batavia

Waholanzi walipouteka mji wa Jayakarta mwaka 1619, wakauita Batavia, hawakuwa wamevuka bahari zote zile kwa shauku ya mapishi ya Java; waliletwa na tamaa ya viungo, na hasa kungumanga na basibasi, ambazo zama hizo soko la dunia lilizipata katika visiwa vya Banda tu, na ambazo kwa ajili yake amiri wao Jan Pieterszoon Coen alivishambulia visiwa hivyo mwaka 1621, akawaua na kuwahamisha wenyeji hata wakabaki wachache mno. Kungumanga hiyo hiyo iliyomwagiwa damu ndiyo inayokunwa leo, kwa amani kabisa, katika maakuli ya Krismasi na Mwaka Mpya ya familia nyingi za Indonesia, kumkolezea kuku wa kujazwa aitwaye ayam kodok, yaani kuku chura, kwa namna anavyolala sahanini tumbo limefura na mapaja yametanuka.

Asili ya umbo lake ni Ulaya, ambako wapishi wa makabaila walikuwa na desturi ya kumtoa ndege mifupa na kumjaza nyama. Lakini aliyeshika kisu katika majumba ya Batavia aghalabu hakuwa bibi wa Kiholanzi, bali mpishi mwenyeji, na ustadi wote umo katika kisu. Ngozi huchunwa nzima, polepole, vidole vikitangulia na kisu kikifuata, mifupa ikaachwa miguuni na katika mbawa tu, na ole wake atakayeitoboa, maana hapo ndipo itakapopasukia. Nyama iliyotolewa husagwa pamoja na ya ng'ombe, ikachanganywa na mkate uliorowekwa katika maziwa, mayai mabichi, vitunguu, pilipili manga na kungumanga. Mayai ya kuchemsha hupangwa katikati, kisha ngozi ikashonwa kwa sindano na uzi pasipo kushindiliwa, kwa kuwa mjazo hufura ukipata moto. Kwanza hupikwa kwa mvuke hata mjazo ushikamane na kuiva, ndipo aingizwe tanurini, akipakwa siagi na soya tamu mpaka awe wa hudhurungi. Nami naona soya hiyo, urithi wa Wachina wa Java uliotiwa sukari ya utomvu wa miti ya jamii ya mnazi, ndiyo iliyomtoa kuku huyu Uholanzini moja kwa moja. Mifupa nayo haitupwi; huchemshwa ikawa mchuzi, na wengine hutia karafuu, zao la Maluku ambalo miche yake ilipitia visiwa vya Mascarene kabla ya kuja kuitajirisha Unguja.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, wanawake wa Kiholanzi wakazidi kuhamia Java, na vitabu vya mapishi vikawafuata, mashuhuri miongoni mwavyo kile cha J.M.J. Catenius-van der Meijden cha mwaka 1902. Dola ya Uholanzi ilipokabidhi mamlaka kwa Indonesia tarehe 27 Desemba 1949, siku mbili baada ya Krismasi, na maelfu ya watu wa nasaba mchanganyiko wakahamia Uholanzi na vyungu vyao, kuku hakuondoka. Siku hizi wapo wapishi wa majumbani mjini Jakarta wanaompika kwa oda sikukuu zinapokaribia, wakamuuza ameshajazwa na kushonwa, mnunuzi akabakiwa na kazi ya kumrudisha tanurini, ambayo, tukisema kweli, ndiyo nyepesi kuliko zote.