Kutoka Gitaa Moja hadi Albamu: Mwenda wa Bayeke na Suala la Upekee katika Muziki wa Lubumbashi

1. Utangulizi

Katika muziki wa Kongo wa miongo ya karibuni, mwanamuziki wa bendi anapotoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, tukio hilo hutazamwa kama mwanzo wa kujitawala. JB Mpiana alitoa Feux de l'amour mwaka 1997 akiwa bado katika Wenge Musica. Kabla ya mwaka huo kwisha, bendi ilikuwa imegawanyika. Fally Ipupa, aliyekulia kimuziki katika Quartier Latin ya Koffi Olomide, alitoa Droit chemin mwaka 2006, na tangu hapo akasimama kwa jina lake mwenyewe. Mfano huu wa Kinshasa una nguvu kubwa. Kijana anayejifunza gitaa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, aweza kuamini kwamba hakuna njia nyingine: kwanza kundi, halafu jina, na kwamba jina lenyewe hupatikana kwa Kilingala.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Katanga historia ilianza kwa upande wa pili. Hapa mtu mmoja na gitaa lake walitangulia, bendi ikafuata, na albamu ikaja mwishoni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

2. Mtu mmoja, sauti tatu

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa mwaka 1891. Asili ya Wayeke ni upande wa magharibi wa Tanzania ya leo, nao walifika Katanga kwa njia ya misafara ya biashara, ile ile iliyosaidia kukileta Kiswahili katika nchi hiyo. Mwenda mwenyewe alikuwa na undugu na ukoo huo wa kitawala. Kwa hiyo alipoimba kwa Kiswahili, hakuwa akiazima lugha ya wageni. Lugha hiyo ilikuwa sehemu ya historia ya watu wake kabla ya kuwa lugha ya migodi na ya mitaa ya mjini.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa akishirikiana na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, alimkuta Mwenda huko Jadotville, mji uitwao Likasi tangu mwaka 1966. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi ulikuwamo Masanga. Mwaka huo huo wimbo huo ukapata tuzo ya Osborn. Mwenda alikuwa na umri wa miaka 22.

Sifa kuu ya upigaji wake ni kwamba neno "peke yake" halimtoshi. Kidole gumba kilishika nyuzi za chini na kutunza mwendo. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi za juu na kuleta wimbo wa pili. Sauti ya mwimbaji ikapita juu ya hayo yote. Kazi ambayo katika bendi hugawanywa kwa watu watatu ilifanywa na mtu mmoja. Aidha, marudio hayakufanana: kila mzunguko ulibadilishwa kidogo, kiasi kwamba David Rycroft aliyaandikia mabadiliko hayo makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Ni nadra kwa mpiga gitaa wa Kiafrika wa wakati ule kuchunguzwa noti kwa noti namna hiyo.

3. Mipaka ya santuri

Hata hivyo, upekee huo usichanganywe na uhuru. Santuri za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo ambao kijiweni au arusini ungeweza kuendelea kadiri wasikilizaji walivyopenda, ulilazimika kukatwa. Kila santuri ilikuwa na nyimbo mbili, na kampuni ndiyo iliyoamua zipi zitoke na zifuatane vipi. Jina la Mwenda lilichapishwa juu ya santuri, lakini mpangilio wa kazi yake haukuwa mikononi mwake.

Pamoja na mipaka hiyo, santuri zilisafiri. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kikajifunza kutoka kwake. Binamu yake Edouard Masengo alifuata njia hiyo. Masengo alitokea JECOKE, kundi lililochukua jina lake kutoka komini ya Kenya mjini Elisabethville na kuchanganya nyimbo, dansi na vichekesho. Kwa hiyo yeye yu karibu zaidi na mfano unaojulikana leo, yaani mtu wa kundi anayejitenga kwa jina lake. Lakini naye alijitenga kwa gitaa lisilo na umeme na kwa Kiswahili, wala si kwa kupitia Kinshasa.

4. Bendi zinapotawala

Mabadiliko yalikuja na okestra. African Jazz iliundwa Léopoldville mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956. Magitaa ya umeme, tarumbeta na ngoma kubwa vilijaza mabaa, na mpiga gitaa wa peke yake akaanza kuonekana mtu wa zamani. Mwenda hakuacha muziki. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Lakini riziki yake mjini Lubumbashi ilitoka kwingine pia: alifanya kazi benki, kisha katika kampuni ya migodi ya Gécamines, alikuwa na hoteli mpakani mwa Zambia, na alihusika na uendeshaji wa bendi za mjini. Hapo ndipo mpangilio unapopinduka: aliyeanza kama mtu mmoja anakuwa mtu wa bendi.

5. Cape Town, 1988

Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 58, Mwenda alirekodi albamu studioni mjini Cape Town. Ilikuwa imepita miaka 36 tangu Masanga. Nyimbo zilizokuwa zimetawanyika katika santuri za dakika tatu sasa ziliweza kusikilizwa kwa mfululizo, kama kazi moja ya mtu mmoja.

Jina lililowekwa juu ya albamu linastahili kuangaliwa. Santuri za kwanza zilimtambulisha kwa jina la ubatizo, Jean Bosco. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo. Albamu ya Cape Town ilitolewa kwa jina la Mwenda wa Bayeke: mtu mmoja, lakini anayetajwa kwa watu wake. Katika ukurubishaji huo wa jina la mtu na jina la ukoo mna jibu kwa wanaodhani kwamba albamu ya peke yake ni tendo la kuuacha umma.

Mwenda alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Mwaka 1994 kampuni ya Rounder iliitoa albamu hiyo Marekani. Mwenyewe hakuwapo kuyaona mapokezi yake.

6. Hitimisho

Suala hili si la muziki tu. Wanaisimu wanaochunguza Kiswahili cha Lubumbashi hutegemea sana maandishi, hasa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuhaririwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Lakini santuri za Mwenda na Masengo zilitangulia maandishi hayo kwa zaidi ya miaka kumi, nazo zina kitu ambacho karatasi haiwezi kutunza: matamshi, mkazo na mapumziko ya wasemaji wenyewe. Ni hazina ya lugha ambayo haijatumiwa ipasavyo, na kila santuri inayovunjika huondoka na sehemu yake.

Kwa kijana wa Kasungami, historia hii ina maana ya karibu zaidi. Si lazima jina lake litoke mbali, wala kwa lugha ya mbali. Mji wake ulikwisha kumsikiliza mtu mmoja aliyepiga kwa vidole viwili, akaimba Kiswahili, na akasikika hadi Nairobi, Newport na Cape Town.