Mbao Laini za Ujenzi katika Nchi ya Chai

Mbao laini ni jina la jumla la mbao za miti ya jamii ya msonobari, isiyochanua maua, nayo katika nyanda za juu za Kericho na Bomet aghalabu ni minne: mtarakwa, ambao Wakipsigis huuita tarakwet, podo, saipresi na paini. Mkaratusi, ijapokuwa umejaa kando ya mashamba ya chai kwa ajili ya kuni za kukaushia majani viwandani, haumo katika hesabu hii.

Mvua ya Kericho hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa kuwa siku nyingi hunyesha alasiri, ubao ulioloa leo huloa tena kesho kabla haujakauka. Kwa hiyo mwenye kujenga hana budi kuuliza, kabla ya jina la mti, ubao utakaa wapi na umepasuliwa sehemu gani ya gogo. Tazama kichwa cha ubao wa saipresi utokapo msumenoni: katikati pana kiini cha manjano kinachoelekea hudhurungi, chenye harufu kali ya kupendeza, na pembeni pana ukingo mweupe. Kiini hustahimili ukuta wa nje, maadamu kimekingwa na upenu mpana wala hakigusi ardhi, ilhali ukingo mweupe, ukipigiliwa shubiri moja juu ya udongo, pale matone yarukapo na matope mekundu, huota koga, kisha hulegea hata ukucha wa kidole gumba ukazama ndani yake.

Kwa nje hapana mti ulioushinda mtarakwa, ambao kiini chake chekundu hakiliwi na mchwa kwa wepesi. Illa hukua polepole mno, na misitu ya Mau imekatwa kiasi kwamba kuutafuta leo kwa ajili ya ukuta ni kuwadhulumu watakaokuja.

Ndani ya nyumba uchaguzi ni mpana. Podo, isiyo na vifundo vingi, hufaa dari na milango, ingawa ikikawia kukaushwa huingia madoa ya buluu. Paini, ambayo haina kinga yake yenyewe lakini hunywa dawa upesi kuliko kiini cha saipresi, yatosha kwa kenchi. Saipresi nayo yaweza kupendeza mno: katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililowekwa wakfu mwaka 2015, vipande vyake vyembamba vimepangwa safu kwa safu chini ya paa la vigae.

Kosa lililoenea ni kupigilia mbao mbichi. Mbao sharti zipangwe kivulini, vijiti vikitenganisha safu na safu ili upepo upite, kwani zikikaukia ukutani hujikunja, misumari ikachomoza, na maji yakapata njia. Hata mbao kavu za nje zapasa kupakwa rangi vichwani kwanza, kabla ya nyuso zake, kwa maana ubao hunywa maji zaidi kwa vichwa vyake.