Kutoka mashamba ya zabibu ya Stellenbosch hadi baharini: safari za siku moja

Stellenbosch ni mji wa Afrika Kusini ulioanzishwa mwaka 1679, kama kilomita 50 mashariki mwa Cape Town. Umezungukwa na milima na mashamba ya mizabibu, na wageni wengi huujua kwa mvinyo. Lakini hata asiyetumia kileo ana sababu ya kufika huko: bahari haiko mbali. Ghuba ya False Bay ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, na fukwe zake zimebeba historia inayotugusa watu wa mwambao. Tangu Januari 2023, Mkenya haitaji viza kuzuru Afrika Kusini kwa muda usiozidi siku 90, na magari kule hupita kushoto kama kwetu.

Macassar

Mto Eerste hupita katikati ya Stellenbosch, ukateremka hadi baharini karibu na Macassar. Hapo ndipo Waholanzi walipomweka Sheikh Yusuf, mwanachuoni wa Makassar, Indonesia, aliyepigana nao huko Banten, kisiwani Java. Walimhamishia kwanza Ceylon, kisha Cape mwaka 1694, pamoja na familia yake na wafuasi wake. Walimpeleka shamba la Zandvliet, mbali na mji, ili asichanganyike na watu. Haikuwafaa kitu. Alifariki mwaka 1699, na leo anahesabiwa miongoni mwa walioasisi Uislamu katika nchi hiyo.

Ziara yake, ambayo Waislamu wa Cape huiita kramat, iko juu ya kilima cha mchanga. Nenda umejistiri, uvue viatu mlangoni, na usiwapige picha watu wanaosoma dua bila idhini yao.

Ukiwa pale, kumbuka pia walioyalima mashamba uliyoyapita njiani. Kabla ya utumwa kukomeshwa Cape katika miaka ya 1834 hadi 1838, mizabibu ile ilipandwa na kupaliliwa na watumwa waliotolewa India, Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Yaani wengine walitoka mwambao huu huu wa Afrika Mashariki.

Strand

Uko kilomita 20 hivi kutoka Stellenbosch. Ufuo ni mrefu, mchanga mweupe, na maji ya kina kifupi yanayowafaa watoto. Waislamu wameishi Strand tangu karne ya 19, wengi wao wakiwa wavuvi.

Enzi za ubaguzi wa rangi, sheria ya mwaka 1953 iliruhusu serikali kutenga sehemu za umma kwa rangi, na fukwe nzuri zikawa za wazungu peke yao. Agosti 1989, Askofu Mkuu Desmond Tutu na waandamanaji walijaribu kwenda kuogelea Strand na Bloubergstrand. Polisi waliwakabili kwa mbwa na viboko. Miezi michache baadaye, Rais F. W. de Klerk alitangaza fukwe zifunguliwe kwa wote, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1990.

Muizenberg na Boulders

Muizenberg, kilomita 40 hivi, ni ya vibanda vya mbao vya rangi rangi na ya wanaojifunza kuteleza juu ya mawimbi. Papa wapo, kwa hiyo kuna walinzi wanaochungulia kutoka mlimani. Bendera nyeupe yenye picha ya papa ikipandishwa na king'ora kikilia, toka majini mara moja. Barabara ya pwani ya kufika huko hufunikwa na mchanga nyakati za upepo. Ipite mchana, na usisimame mahali pasipo na watu.

Ukiendelea hadi Boulders, karibu na Simon's Town, utawaona pengwini wa Kiafrika ufuoni. Kuna kiingilio. Usiwakaribie wala kuwalisha: mwaka 2024 waliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka.

Hermanus

Ni mbali zaidi, kilomita 90 hivi, lakini kati ya Juni na Novemba nyangumi huonekana ukiwa umesimama nchi kavu tu. Ondoka asubuhi mapema ili usirudi usiku.

Upepo na maji

Misimu ya upepo kule ni kinyume cha ile tuliyoizoea. Kwetu kusi huanza kuvuma Aprili. Cape, upepo mkali wa kusini-mashariki huvuma zaidi kati ya Oktoba na Machi, ndiyo miezi ya joto. Enda asubuhi, kabla haujashika nguvu. Maji ya False Bay hufikia nyuzi 20 hivi wakati wa kiangazi. Yale ya upande wa Atlantiki, kama Camps Bay, ni baridi ya kuuma hata jua likiwaka. Aliyezoea maji ya Nyali au Shela asijitose kwa pupa.

Ufuo ni wa nani

Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2008 inautambua ufuo kuwa mali ya umma. Si neno dogo mahali ambapo watu walipigwa kwa kutaka kuoga baharini tu. Sisi tunaoona njia za kushukia baharini zikizibwa kwa kuta moja baada ya nyingine, tuna la kujifunza Strand: ufuo ukishafungwa, kuufungua huchukua miaka mingi na maumivu mengi. Afadhali kuilinda njia ingali wazi.