Jumba la Harewood na Fidia ya Ajabu

Kaskazini mwa Leeds, Uingereza, kuna jumba liitwalo Harewood. Ujenzi ulianza mwaka 1759, na mwaka 1771 mwenyewe, Edwin Lascelles, akahamia. John Carr na Robert Adam walilisanifu, Thomas Chippendale akatengeneza samani, na Lancelot Brown, bingwa wa bustani wa zama hizo, akaunda ziwa zima ili wenye nyumba wawe na cha kutazama dirishani. Ukutani kuna picha za Reynolds na Turner, na za Waitalia wa karne za nyuma zaidi. Juu ya madirisha ya ukumbi wa picha yananing'inia mapazia mafupi ambayo mgeni hutamani kuyagusa. Si kitambaa, ni mbao iliyochongwa, na tunakiri kuwa ni ufundi wa kuvulia kofia.

Fedha ilitoka mbali. Babake Edwin, Henry Lascelles, alikuwa mtoza ushuru wa forodha kisiwani Barbados, akafanya biashara ya watumwa na kuwakopesha wenye mashamba ya miwa. Baadaye wadeni waliposhindwa kulipa, mashamba yaliiangukia familia hiyo, pamoja na watu waliofanyishwa kazi humo.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni hayo, likatenga pauni milioni 20 za fidia. Bwana wa Harewood alilipwa pauni 26,307 kwa ajili ya watu 1,277. Wao wenyewe hawakupata hata senti.

Hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna la kuuliza. Fidia hupewa nani, kama si aliyedhuriwa? Waliotunga sheria ile waliona mwenye hasara ni bwana. Tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu: amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliwafidia mabwana.

Siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza hupendelea kusema "mtu aliyetiwa utumwani", ili ijulikane kwamba kuna aliyemtia. Mwanafunzi wetu anayechambua neno mtumwa atakikuta kiambishi -w- cha kutendwa kimekaa pale tangu zamani. Katumwa, basi na nani? Sarufi yenyewe inamdai mtenda. Zoezi hili linafaa darasani kuliko orodha kavu ya minyambuliko.

Wenye Harewood wa leo hawaifichi historia hiyo. Tangu mwaka 2022 wameanza kuongeza picha za watu wenye asili ya Karibiani. Ya kwanza ilikuwa ya Arthur France, mwasisi wa kanivali ya Leeds. Mwaka 2023 ikafuata ya mwigizaji David Harewood, ambaye wahenga wake walikuwa watumwa wa familia hiyo kule Barbados. Jina lake la ukoo limetokana na cheo cha familia hiyo.