Baraza la Katanga katika mwaka 1960: kwa nini halikuketi?

Kila mwaka, tarehe 1 Januari, sisi wa jimbo la Kongolo tunawakumbuka wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliouawa katika kambi ya askari ya Kongolo, siku ya mwaka mpya 1962. Mwaka mmoja, baada ya Misa hiyo, mzee katekista alitufuata sakristia. Hatutataja jina lake wala misioni yake. Alisema: «Padri, kila mwaka munatuambia namna walivyokufa. Lakini hamutuambii ugomvi ule ulianzia wapi. Kijijini kwetu wanasema: Waluba walikimbia baraza. Ng'ambo ya mto wanasema: watu wa Conakat waliiba kiti. Nani anasema kweli?»

Tuliona haya. Katika seminari kubwa tulijifunza historia ya Mtaguso wa Nisea, tukajua maaskofu walivyogawanyika na kwa neno gani. Lakini juu ya baraza lililogawanya nyumba ya baba zetu tulijua kidogo tu, na hicho kidogo tulikuwa tumekisikia upande mmoja. Basi tuliomba muda, tukasoma, tukarudi kwake. Tunayoandika hapa ni yale tuliyomweleza mzee yule, pamoja na mengine machache kwa ajili ya ndugu mapadri, waseminari na makatekista wenzake.

Kwanza inafaa kujua ya kwamba wagomvi hao wawili walitoka katika nyumba moja. Conakat ilizaliwa katika Oktoba 1958, huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Ilikuwa umoja wa vyama vya makabila ya Katanga, na Waluba wa Katanga walikuwa ndani. Kilichowaunganisha kilikuwa hofu. Mwishoni mwa 1957, Wabelgiji waliporuhusu uchaguzi wa komini mjini, watu waliotoka Kasai walipata vyeo vya juu kuwapita wenyeji. Wenyeji wakasema: nchi ni yetu, madini ni yetu, na wageni wanatutawala. Kwa neno hilo Walunda, Wayeke, Wahemba na Waluba wa Katanga walikaa pamoja. Lakini umoja uliojengwa juu ya hofu ya mtu wa tatu haudumu sana. Conakat ilipozidi kuwakaribia wakoloni wazungu na chama chao, Union Katangaise, na ilipozidi kusema habari za Katanga yenye kujitawala karibu peke yake, Waluba waliona hatari. Katika Novemba 1959 walitoka na chama chao, Balubakat, chini ya Jason Sendwe. Baadaye waliungana na Fedeka ya watu wa Kasai, na Atcar ya Watshokwe. Muungano huo uliitwa Kartel.

Tuseme pia neno dogo juu ya wakubwa wawili, maana watu wetu hupenda kufikiri ya kwamba ugomvi ule ulikuwa wa dini au wa shule. Sivyo. Moïse Tshombe, kiongozi wa Conakat, Mlunda na mwana wa mfanyabiashara tajiri, alifundishwa na Wamethodisti. Sendwe, msaidizi wa waganga, alifundishwa pia na Wamethodisti. Waliomba Mungu kwa maneno mamoja.

Tuje kwa uchaguzi wenyewe. Ulifanyika katika Mei 1960, wiki chache mbele ya Uhuru. Wanaume tu ndio waliopiga kura, wenye miaka 21 na zaidi. Mama zetu hawakuitwa. Viti vya baraza la provinsi ya Katanga vilikuwa 60. Kura zilipohesabiwa, Conakat ilipata viti 25, Kartel ilipata viti 23. Viti 12 vilivyobaki vilikwenda kwa watu wasio wa upande wowote na kwa vyama vidogo.

Mzee katekista alituomba tusimame hapo. Alichukua maharagwe katika kikapu, akahesabu juu ya meza: 25 huku, 23 kule, 12 katikati. Akauliza: «Nani ameshinda?» Tulimjibu: hakuna. Ili mtu atawale kwa wingi katika baraza la viti 60, sharti awe na 31. Conakat ilipungukiwa na sita, Kartel ilipungukiwa na nane. Wote wawili walilazimika kubembeleza wale 12. Hapo tayari hadithi ya kwanza inaanguka, ile isemayo kwamba Katanga yote ilimchagua Tshombe. Na ya pili inaanguka pia, ile isemayo kwamba Sendwe alikuwa mshindi wa haki.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na jambo hili ndilo kiini cha habari yote. Kanuni ya nchi mpya ilikuwa Sheria ya Msingi, iliyotiwa sahihi Ubelgiji tarehe 19 Mei 1960. Sheria hiyo ilitaka baraza la provinsi lisichague serikali yake wala wasenatori wake ikiwa theluthi mbili ya wadepite hawamo nyumbani. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Mzee alisukuma maharagwe yote 12 ya katikati upande wa Conakat: yakawa 37. Akatutazama. «Wamepunguka watatu,» akasema. Ndiyo hivyo. Hata kama Conakat ingewavuta wote wasio wa upande, bila watu watatu wa Kartel baraza halikuweza kuketi. Sheria ilikuwa kama mlango wenye kufuli mbili, na kila upande ulipewa ufunguo mmoja. Mtu hakuweza kuingia bila kumwita jirani yake.

Kartel iliufanyia nini ufunguo wake? Hapa tusiwaonee haya watu wetu wa upande ule. Walilalamika juu ya viti fulani mbele ya waamuzi, wala hawakushinda. Tangu mwanzo wa Juni wadepite wao walitoka barazani, wakakataa kurudi. Walijua hesabu ya maharagwe vizuri kuliko sisi. Walifikiri ya kwamba, nyumba isipoweza kuketi, Conakat italazimika kugawana vyeo. Tunaelewa shabaha yao. Wachache wenye viti 23 kwa 25 si wachache wa kudharauliwa, na Conakat haikuonyesha moyo wa kugawana nao. Lakini kutoka ni silaha ya hatari. Mwenye kutoka anamwachia mwenzake nyumba na maneno yote.

Na upande wa pili? Conakat haikwenda kutafuta wale watatu. Ilikwenda Ubelgiji. Marafiki zake, Wabelgiji na wakoloni wa Katanga, walipiga kelele huko: Uhuru ni tarehe 30 Juni, Katanga itaingia bila serikali, wabadilishe sheria. Mji wenyewe ulikuwa umejaa maneno ya kwamba Conakat itatangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Katikati ya Juni 1960 baraza la Ubelgiji liliibadilisha Sheria ya Msingi: tokea sasa, wadepite wa theluthi mbili wasipopatikana, wingi wa kawaida watosha. Sheria ilikuwa haijatimiza mwezi mmoja. Mara baraza la Elisabethville likaketi bila Kartel, likamchagua Tshombe kuwa mkubwa wa provinsi, na serikali karibu yote ikawa ya Conakat na marafiki zake. Godefroid Munongo alipewa mambo ya ndani. Waseminari wanaopenda muziki wajue ya kwamba mkubwa wa elimu katika serikali hiyo alikuwa Joseph Kiwele, yule aliyetunga Misa ya Katanga.

Wengine hutetea badiliko hilo. Wanasema: nchi haiwezi kukaa bila serikali kwa sababu watu 23 wamekasirika. Neno hilo lina uzito, nasi hatulitupi. Kanuni ya theluthi mbili ilikuwa kali mno kwa provinsi iliyogawanyika namna hii. Waliyoiandika hawakufikiri vema. Lakini kanuni mbaya hubadilishwa kabla ya kura, au hubadilishwa na wote wanaohusika. Kuibadilisha baada ya kura, tena kwa manufaa ya upande mmoja, tena mbali, kwa mikono ya wale ambao baada ya wiki mbili hawatakuwa tena wenye nchi, ni kama kubadili debe la kupimia wakati mahindi yamekwisha kumiminwa. Mtu wa Manono au wa Kabalo hakujua vifungu vya sheria. Alijua neno moja tu: debe limebadilishwa.

Tusifikiri ya kwamba ilikuwapo njia rahisi. Mwaka uliofuata, katika Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba walipiga kura kwa viti 22. Vyama vilipomaliza kuungana, kila upande ulikuwa na 11. Huko hawakubadili namna ya kuketi. Waliongeza kiti kimoja, wakaita watu wote kupiga kura tena katika Juni. Siku hizo za kura damu ilimwagika, watu 68 wakafa. Basi hata kura mpya si dawa ya yote. Lakini Unguja angalau waliulizwa wapigaji kura wenyewe.

Yaliyofuata kwetu yanajulikana zaidi, tutayapita upesi. Lumumba alitaka kumweka Sendwe kuwa komisari wa serikali ya taifa katika Katanga. Conakat iliona jambo hilo kama tusi. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Hakuitangaza kwa jina la kaskazini, wala kaskazini haikumtii. Vijana wa Balubakat walisimama na mishale na minyororo ya baisikeli. Askari wa Katanga walichoma vijiji. Katika Oktoba 1960 watu wa Balubakat walisimamisha provinsi yao ya Lualaba huko Manono, na mkubwa wake Prosper Mwamba Ilunga. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia katikati. Tarehe 8 Novemba 1960, Waailandi tisa kati yao waliuawa kwa mishale karibu na Niemba, watu waliokuja kutengeneza njia na hawakujua lolote la viti 25 na viti 23.

Na Kongolo? Hapa ndipo neno la mzee katekista linatugusa wenyewe. Kongolo haikuwa ya upande mmoja. Wahemba wengi walisimama na Conakat, Waluba walisimama na Balubakat, na hawa wote walivuka daraja moja la Lualaba, walitumia gari la moshi lile lile, waliketi juu ya benchi moja kanisani. Kwa sababu hiyo mji ulibaki katika mikono ya askari wa Katanga hata mwisho wa Desemba 1961, wakati sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuwaponyoka. Ndipo askari wa jeshi la taifa, waliotoka upande wa Stanleyville, wakaingia. Kesho yake walikuwa tarehe 1 Januari.

Hatusemi ya kwamba kura za Mei 1960 ziliwaua wamisionari wetu. Waliowaua walikuwa watu wenye bunduki, nao wana hukumu yao mbele ya Mungu. Wala wale askari hawakuwa wa Balubakat, jambo ambalo wengi wetu hulichanganya tunapohubiri, na tungeomba lisichanganywe tena. Lakini vita iliyowaleta askari hao Kongolo ilikuwa vita ya nyumba mbili ambazo tangu Juni 1960 hazikuwa na mahali pa kuketi pamoja.

Katanga ya Tshombe iliisha katika Januari 1963. Sendwe aliuawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, katika Juni 1964, wakati wa maasi. Tshombe alikufa kifungoni Algeria katika 1969. Kaskazini ilifanywa provinsi, ikarudishwa ndani ya Katanga, na tangu 2015 sisi wa Kongolo tu watu wa provinsi ya Tanganyika, na baraza letu liko Kalemie.

Mzee katekista alisikiliza yote, kisha aliuliza juu ya wale watatu tu. «Conakat iliwaita?» Tulimjibu tuliyokuwa tumeyasoma: ilikwenda Ubelgiji. Alikaa kimya kidogo. Yeye mwenyewe ni Mhemba, na baba yake alipiga kura. Alisema: «Basi mimi nitawaambia watu wangu hivyo. Wewe waambie wale wa ng'ambo habari ya kutoka barazani.» Tulikubali, na kuandika kwetu leo ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Tunaomba neno moja kwa wenzetu. Aliyepiga kura katika Mei 1960 leo amepita miaka 85. Katika parokia za Kongolo, Manono, Kabalo na Nyunzu wako bado wachache. Waseminari wanaokwenda likizo wawatafute, wawaulize walipiga kura wapi, nani aliwaambia matokeo, na siku gani walisikia kwamba sheria imebadilishwa. Waandike majibu kwa lugha ile ile waliyoambiwa, pande zote mbili za mto, wayalete.