Kutoka Kiko hadi Meza ya Mteuzi: Historia ya Kutathmini Tumbaku Arua na Koboko

Maandishi kuhusu tumbaku ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yamekuwa na mielekeo miwili mikubwa. Upo ule unaoitazama tumbaku kama zao lililojenga nyumba za mabati na kulipa karo za shule, na upo ule unaoitazama kama adui wa misitu, afya na elimu ya watoto. Mielekeo yote miwili ina ushahidi wake. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia yote mawili ambalo halijapewa nafasi inayostahili: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba jani hili ni zuri na lile ni baya? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua bei, na bei ndiyo iliyoamua kama kaya ingemaliza msimu ikiwa na fedha au ikiwa na deni. Makala haya yanafuatilia jinsi mamlaka hayo yalivyotoka kwa mvutaji wa kiko na kuhamia kwa mteuzi wa kampuni katika Arua na Koboko, na kuhoji maana ya uhamisho huo kwa sera ya kilimo cha sasa.

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Spishi zake mbili zinazolimwa zaidi, Nicotiana tabacum na Nicotiana rustica, zote zilitoka Amerika. Lakini safari yake barani ilikuwa ya kasi kiasi kwamba wageni wa karne ya 19 waliikuta imezoeleka hata mahali ambapo hapakuwa na mfanyabiashara wa pwani. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyepita nchi za Wabongo na Wazande, kaskazini na magharibi ya eneo linalojadiliwa hapa, kati ya 1868 na 1871, aliziona spishi zote mbili zikilimwa. Kwa hiyo, serikali ya kikoloni ilipoanza kuzungumzia kuwafundisha Walugbara na Wakakwa kulima tumbaku, ilikuwa inaleta mbegu mpya, ukaushaji mpya na mnunuzi mpya. Haikuwa inaleta tumbaku kwa watu wasioijua.

Ujuzi huo wa awali ulikuwa wa namna gani? Tumbaku ya kiko, au mtemba kama wasemavyo wengine, hupimwa kwa hatua, na hatua hizo hazitofautiani sana kati ya soko la kijijini la Afrika na duka la tumbaku la London. Kwanza huja vidole. Jani likibonyezwa linapaswa kunyumbuka na kurudi. Likivunjika kama karatasi iliyochomwa na jua, litawaka upesi na kuunguza ulimi, na likiacha unyevu kiganjani, halitawaka sawasawa na huenda tayari limeanza kuota ukungu. Kisha huja pua, kabla ya moto. Jani lililokaushwa polepole na kuachwa lichachuke hunukia kama majani makavu ya malisho au matunda yaliyokaushwa. Lililoharakishwa hubaki na harufu kali ya kibichi. Hatimaye huja moto wenyewe. Mvutaji mzoefu hutazama majivu: yakiwa meupe na mepesi, jani limeungua vyema, yakiwa meusi na ya kugandamana, udongo au mbolea ilikuwa na chumvi nyingi ya kloridi, ambayo hudhoofisha uwakaji. Huu ni uchunguzi wa kikemia uliofanywa bila maabara.

Kazi ngumu zaidi ni kuchanganya. Mara chache jani moja hutosheleza kiko. Rustica ina nikotini nyingi kuliko tabacum, na ikivutwa peke yake humlevya asiyeizoea hadi kumtapisha. Jani la tabacum, nalo, likikosa nguvu huacha mdomo mtupu. Mchanganyaji hutafuta uwiano, na uwiano huo hautafutwi kwa macho. Ladha ya pumzi za kwanza hutofautiana na ya katikati, na ya katikati hutofautiana na ile ya chini kabisa ya kiko, ambako unyevu na masalia ya lami hukusanyika. Mchanganyiko unaovutia mwanzoni lakini ukageuka mchungu nusu ya safari huhesabiwa kuwa umeshindwa. Katika jamii nyingi za eneo la Nile ya Juu wazee wa jinsia zote mbili walivuta kiko, na wanawake wazee hasa walijulikana kwa hilo. Hukumu juu ya tumbaku haikuwa ya wanaume peke yao. Nukta hii itahitajika tena mbele.

Ni lazima kusema waziwazi kwamba ubora wa ladha haukuwa kipimo cha usalama, wala hauwezi kuwa. Moshi wa kiko husababisha saratani ya kinywa na koo kama ulivyo moshi mwingine wa tumbaku. Thamani ya ujuzi huu kwa mwanahistoria ipo kwingine: mzalishaji na mtathmini walikuwa mtu mmoja, au walikuwa majirani.

West Nile iliingia Uganda kwa kuchelewa. Hadi 1910 ilikuwa sehemu ya Lado, eneo lililokodishwa kwa Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kisha ikawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda. Utawala wa wilaya ukawekwa Arua. Kwa miongo kadhaa wilaya ilitazamwa kama chanzo cha vibarua: vijana wa Kilugbara na Kialur walisafiri kusini kwenda mashamba ya miwa na pamba ili wapate fedha za kodi. Zao la biashara lililimwa kwa kusitasita, kwa sababu umbali kutoka bandarini na reli ulikula faida. Tumbaku ilikuwa na sifa moja ambayo pamba haikuwa nayo kwa kiwango hicho: thamani kubwa kwa uzito mdogo. Baada ya kiwanda cha sigara kuanzishwa Jinja mwaka 1928, kulikuwa na mnunuzi ndani ya nchi yenyewe.

Mabadiliko ya kiwanda hayawezi kueleweka bila kueleza ukaushaji. Tumbaku ya moshi hutundikwa juu ya moto wa kuni unaofuka, na moshi huingia moja kwa moja katika jani kwa siku nyingi. Hutoka ikiwa ya kahawia iliyoiva, yenye harufu ya moto, na hutumika zaidi katika kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Tumbaku ya hewa hukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa na hubaki karibu bila sukari. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani lililofungwa, ambamo joto hupita ndani ya mabomba na moshi haugusi jani. Mkulima hupandisha joto kutoka takriban nyuzi 35 za Selsiasi, jani linapogeuka manjano, hadi nyuzi 70 hivi, mshipa mkuu unapokauka. Kazi hiyo huchukua karibu wiki moja, usiku na mchana, na mkulima akisinzia moto ukapungua katika saa mbaya, msimu mzima hubadilika rangi. Wakati wa kugeuka manjano, wanga wa jani huwa sukari. Moshi wake huelekea tindikali na ni rahisi kuuvuta hadi mapafuni. Ndiyo maana sigara ikautaka. Moshi wa tumbaku nyeusi, ya moshi au ya hewa, huelekea alkali, na nikotini yake hufyonzwa mdomoni. Ndiyo maana kiko kikautaka.

Kadiri West Nile ilivyoelekea kwenye tumbaku ya mvuke, ndivyo ilivyozalisha jani lisilokusudiwa kwa kinywa cha mzalishaji. Bibi wa Maracha aliyeweza kuhukumu tumbaku ya kiko kwa pumzi tatu hakuwa na la kusema juu ya jani la manjano lililokuwa likisubiri gari la kampuni. Hata lugha ya ubora ilibadilika. Zamani swali lilikuwa namna linavyowaka na namna linavyokaa ulimini. Sasa swali likawa nafasi ya jani kwenye shina, rangi yake, unene wake na madoa yake, na majibu yakaandikwa kwa herufi na tarakimu.

Katika Kiswahili cha biashara ya tumbaku, hasa Tanzania, mtu anayetoa hukumu hiyo huitwa mteuzi. Neno linafaa kuliko istilahi za kukopa zinazosikika Arua, kwa kuwa linaacha swali wazi: kuteua ni kuchagua, na mteuzi huchagua kwa niaba ya fulani. Siku ya soko, mtumba ulifunguliwa, kiganja cha majani kikavutwa kutoka katikati, kikatazamwa mwangani, kikanuswa, daraja likaandikwa, mtumba uliofuata ukasogezwa. Nyuma ya sekunde hizo kulikuwa na miezi ya kazi, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya wanawake na watoto waliopanga majani nyumbani kwa rangi na urefu kabla ya kuyafunga. Waliopanga walikuwa tayari wametoa hukumu ya kwanza. Mezani, hukumu hiyo ilihesabiwa kuwa maandalizi tu. Mteuzi naye hakuvuta. Uonjaji wa kweli wa mchanganyiko ulifanyika kiwandani, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Arua, na matokeo yake yalirudi kwa mkulima katika sura moja tu: orodha ya bei.

Katika mfumo wa mikataba, mbegu, mbolea na dawa zilitolewa kwa mkopo na kukatwa wakati wa mauzo, na kwa kawaida mteuzi alikuwa mwajiriwa wa mnunuzi yuleyule aliyekopesha. Si lazima kudhani udanganyifu ili kuona tatizo. Hata mteuzi mwaminifu kabisa alifanya kazi ndani ya mpangilio ambamo kushusha mtumba daraja moja kulimnufaisha mwajiri wake, na mkulima hakuwa na mtu wa tatu wa kumwendea.

Mpangilio huu ulikatika mara moja, kwa sababu zisizo za kilimo. Serikali ya Idi Amin, ambaye asili yake huhusishwa na Koboko, ilianza mwaka 1972 kunyang'anya na kutaifisha biashara za wageni, na tumbaku ikawekwa chini ya shirika la umma. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, na hasa kufuatia mapigano ya Oktoba 1980, idadi kubwa ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Koboko, iliyo kwenye pembe ambapo mipaka ya nchi tatu inakutana, ilibaki karibu tupu. Mabani yaliporomoka. Kampuni ilirejea Uganda mwaka 1984 na wakimbizi wakaendelea kurudi katika miaka iliyofuata. Mkopo wa pembejeo ukawa, kwa kaya nyingi zilizopoteza mifugo yote, mojawapo ya mikopo michache iliyopatikana bila dhamana. Wachambuzi wanaomlaumu mkulima kwa kuingia mkataba wenye masharti magumu hawana budi kukumbuka mwaka aliousaini.

Ulinganisho na Tanzania unafaa hapa. Huko Songea tumbaku ya moshi ilisimamiwa tangu 1936 na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, na Urambo iliingia katika tumbaku ya mvuke baada ya mradi wa karanga kushindwa. Leo wateuzi wa Tanzania hufanya kazi chini ya Bodi ya Tumbaku, na mkulima huuza kupitia chama cha msingi. Malalamiko hayajaisha, kila msimu husikika. Tofauti ni kwamba yana mahali pa kupelekwa. Katika West Nile, sheria ya udhibiti na uuzaji wa tumbaku ya miaka ya 1960 iliipa serikali nafasi katika kuweka bei, lakini bei ya daraja haina maana kubwa ikiwa daraja lenyewe hutolewa na upande mmoja.

Hatua za karibuni zimeligeuza swali hili bila kulijibu. Uganda iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, na ibara yake ya 17 inazitaka nchi kuwasaidia wakulima kupata riziki mbadala. Mwaka 2013 British American Tobacco ilitangaza kufunga kiwanda chake cha kuchakata majani Kampala, na muda mfupi baadaye ikajiondoa katika kilimo cha mkataba, ikiacha nafasi kwa wanunuzi wengine wa majani. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, ilipingwa mahakamani na pingamizi likatupwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2019. Sheria hiyo inamzungumzia mvutaji, muuzaji na kampuni kwa kina. Tumbaku ya kienyeji, inayouzwa kwa fungu bila pakiti wala onyo, hulinganishwa nayo kwa shida, na huendelea kuhukumiwa kwa vidole na pua.

Mazao mbadala yanayopendekezwa kwa kaya za Maracha, Terego na Koboko, yakiwemo ufuta, mihogo na kahawa, yote hupimwa kabla ya kulipwa. Kahawa ya arabika ya milima ya Okoro, wilayani Zombo, kusini mwa mkoa huohuo, inaonyesha mapema yatakayotokea. Ubora wake huthibitishwa kwa kuonjwa vikombeni Kampala, na wakulima wengi wanaoichuma hawajawahi kuketi kwenye meza hiyo ya kuonjea. Programu ya mbadala inayogawa miche bila kueleza ni nani atakayemwajiri mwonjaji, na mkulima atakata rufaa kwa nani akipewa alama ya chini, inahamisha meza ya mteuzi kutoka shamba moja kwenda jingine.