Miaka ya Chuo Kikuu na Malezi ya Viongozi wa Maskati

Historia ya uongozi wa kisasa mjini Maskati inaanzia kwenye uhaba wa shule, kwani Sultani Qaboos wa Oman alipotwaa madaraka tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, mojawapo ikiwa Saidiya ya Maskati iliyofunguliwa mwaka 1940, na wanafunzi wa shule hizo zote, ambao hawakufika 1,000, walikuwa wavulana watupu. Aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kwenda ng'ambo, na kwa sababu hiyo serikali mpya, ilipohitaji watumishi kwa haraka, iliwaita nyumbani Waomani waliosomea ugenini.

Miongoni mwao walikuwamo walioitwa Zinjibari, yaani Waomani waliozaliwa au kukulia Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao walitawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wasomi wao walikuwa wamepitia Makerere, Cairo, Uingereza na Ulaya Mashariki, na ijapokuwa wengi hawakukimudu Kiarabu, Kiingereza walichokipata masomoni kiliwafungulia milango ya wizara, hospitali, benki na kampuni ya mafuta, ambamo Kiswahili kilisikika baina yao kazini. Kusomea ng'ambo hakukuwa kwa Zinjibari peke yao: hata Sultani Haitham, aliyerithi kiti mwaka 2020, alihitimu masomo ya utumishi wa kidiplomasia Oxford mwaka 1979, kisha akatumikia Wizara ya Mambo ya Nje kwa miaka mingi.

Hata hivyo, viongozi waliolelewa na vyuo mbalimbali walirudi na lugha na taratibu mbalimbali za kazi, na usuhuba wao ulifuata mji waliosomea. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa Al Khoudh mwaka 1986, kilileta malezi ya pamoja: kijana wa Nizwa, wa Sur na wa Salalah walisoma chini ya paa moja, na masomo ya sayansi, udaktari na uhandisi yakafundishwa kwa Kiingereza. Majengo yenyewe yalipatanisha mila na elimu, kwa kuwa wanawake walitengewa njia za juu na wanaume njia za chini, lakini wote walifika katika ukumbi mmoja, wakamsikiliza mwalimu mmoja na kufanya mtihani mmoja.

Kwa hiyo shahada ilimpa mhitimu kazi, lakini lugha aliyojifunzia na wenzake aliosoma nao ndivyo vilivyoamua namna atakavyoongoza. Kizazi cha Al Khoudh kina kumbukumbu zake katika daftari za chuo chake; kizazi cha Makerere na Cairo kimebeba historia yake vifuani, na inafaa wajukuu wao waiandike sasa, wazee hao wangali hai.